Ndoo ya Keziah

Daftari la kiwanda limeandikwa kwa wino wa kahawia,
mwandiko wa karani umeegemea kushoto kama mlevi ukutani:
Keziah Tranter, ndoo moja, peni kumi.
Keziah Tranter, ndoo moja, peni nane, ina maji.
Keziah Tranter, nusu ndoo. Hakulipwa. Tope.

Ndani ya ndoo mlikuwa na nini, hakuandika.
Bermondsey nzima ilijua.

Aliamka kabla ya muuza maziwa,
mkono wa kulia umevaa glavu, wa kushoto mtupu,
akafuata mbwa uchochoro kwa uchochoro:
mbwa wa mchinjaji, mbwa wa kanali,
mbwa asiye na mtu.
Mavi yao hayakuwa na ukoo.
Ila yale meupe, makavu, yaliyokaa juani siku tatu,
hayo aliyaokota taratibu kama mayai.

Maana ngozi ya mbuzi ikitoka shimo la chokaa
haina nywele tena, haina jina la mchungaji,
lakini ni kavu na kaidi
kama jibu la mwenye nyumba siku ya kodi.
Majani makali ya Sisilia yatakuja baadaye,
na rangi nyekundu, na kioo cha kung'arishia.
Kwanza ilegezwe.
Kwanza birika la maji vuguvugu
na kile alichokileta Keziah.

Bwana Pell alizamisha mkono hadi kiwiko,
akabonyeza ngozi kwa kidole gumba.
Alama ikifutika, bado.
Alama ikibaki, itoeni, imeiva.
Ngozi huvutwa ingali maji: Pell alilijua hilo.
Na mwamba ngoma huivutia kwake:
hilo Pell alilijua zaidi.

Januari ile mto Thames ulishika barafu kingoni
na mbwa wakalala majumbani mwa watu.
Binti yake, Hester, alikuwa na kikohozi chenye sauti ya mlango mbovu.
Keziah akakwangua lipu ya ukuta wa kanisa,
lipu ya zamani, nyeupe, inayosagika,
akaichanganya chini, akafunika juu kwa haki yake kidogo.

Ngozi mia mbili na nne zikatoka na madoa.
Karani akabonyeza kalamu mpaka karatasi ikachanika:
Tranter. Lipu. Asirudi.

Nafungua ukurasa unaofuata. Hayumo.
Unaofuata. Hayumo.
Wapo wengine, ndoo zao, peni zao,
na pembeni malalamiko ya Pell: ngumu, ngumu, ngumu tena.
Kisha tarehe tisa Machi, bila maelezo wala aibu:
Keziah Tranter, ndoo moja, peni saba.

Peni saba. Aliachiwa mlango, akakatwa bei.
Wala sijui kama Hester aliiona Machi hiyo.
Daftari halihesabu vikohozi.

Mimi kazi yangu ni kukarabati majalada.
Leo mezani pangu ipo Biblia ya kanisa lile lile,
nyekundu, kingo za dhahabu, mgongo umekatika.
Ndani imeandikwa: ngozi halisi ya Moroko.
Mbuzi alichunjwa nyuma ya Mogador, sawa,
na bandari ile ikalipwa, na meli ikalipwa,
na jina la nchi likabandikwa juu ya kazi.
Nasikia pia kwamba waokotaji walikalishwa nyuma,
karibu na mlango, dirisha likiwa wazi,
kwa sababu ya harufu.
Mbele, mchungaji alifungua kitabu hiki kwa vidole viwili,
nacho kikafunguka bila kelele,
laini, kama kope.

Naipaka nta. Nainusa: vumbi, mshumaa, basi.
Kisha, kabla sijatia gundi,
nabonyeza kidole gumba kwenye kona ya jalada
na kusubiri.